Betri kubwa za stima zikija jirani na boma lako: namna ya kuhoji, kupima na kujiandaa na moto

Ukiona vijana wenye jaketi za kung'aa wakipima shamba karibu na sabstesheni, usingoje ua uzungushwe ndipo uulize kinachojengwa. Siku hizi si lazima ziwe nguzo mpya au paneli za sola. Huenda ni betri: makontena yaliyopangwa safu kwa safu, yanayochajiwa wakati stima ni nyingi na kuirudisha kwenye laini jioni, saa moja hadi saa tatu, kila nyumba inapowasha taa na televisheni. KenGen, kampuni ya Kenya ya kuzalisha stima, imekwisha kutangaza mpango wa betri za megawati 100, na kokote inakopita laini kubwa, kama ile ya Olkaria, Lessos hadi Kisumu, kuna ardhi ambayo mwenye mradi wa betri angeitamani.

Nianze kwa kusema niliko. Mimi nazitaka betri hizi. Naishi ukanda wa miwa, kati ya Kibos na Muhoroni, ambako mvua ya alasiri ikipiga stima hupotea mpaka kesho yake, na nimewahi kumshikia muuguzi tochi ya simu akishona mguu wa mtoto. Ila nazitaka zikae mahali ambapo kontena moja likishika moto, jirani hatapelekwa hospitali. Hilo huamuliwa kwenye karatasi, miezi mingi kabla kontena la kwanza kushushwa, na wanaoliamua mara nyingi hawajawahi kukwama kwenye njia zetu za udongo mweusi.

Hatua ya kwanza: jua kinacholetwa

Watakutajia megawati. Uliza pia megawati-saa. Chukua mfano wa tangi la maji: megawati ni upana wa bomba, megawati-saa ni ujazo wa tangi, na kitakachoungua ni ule ujazo. Kontena la futi 20 la siku hizi hubeba megawati-saa 5 hivi. Betri ya pikipiki ya stima ina kilowati-saa mbili au tatu. Kwa hiyo kontena moja ni kama betri elfu mbili za bodaboda zimefungiwa chumba kimoja.

Kisha uliza aina. Nyingi zinazowekwa sasa ni LFP, yaani lithiamu, chuma na fosfati. Zile za NMC, zenye nikeli, manganizi na kobalti, hubeba nishati zaidi katika nafasi ndogo, lakini huanza kujichoma zikiwa katika joto la chini zaidi. LFP ni afadhali. Asikwambie mtu kwamba haziungui, maana zikiharibika hutoa gesi yenye haidrojeni nyingi, na haidrojeni ikijaa ndani ya kontena hulipuka.

Mwisho, zitafungiwa ndani ya jengo au zitakaa nje, kila kontena peke yake? Swali hili ni zito kuliko linavyosikika.

Hatua ya pili: uelewe moto wenyewe

Sisi wa miwa moto tunaujua. Moto wa miwa huja kwa kishindo, huruka barabara, na baada ya muda mfupi yamebaki majivu na harufu ya sukari iliyoungua. Ukiwahi kufyeka kinga na ukasimama upande upepo unakotoka, umeuweza. Moto wa betri hauna haraka hiyo.

Niliuona mdogo wake pale Kondele, Kisumu. Fundi alikuwa amefungua betri ya pikipiki ya stima iliyoanguka barabarani. Kwanza ulitoka mlio, kama sufuria ya presha inapoanza kupumua. Ukafuata moshi mweupe, wenye harufu tamu kidogo, kama ile dawa ya kutoa rangi ya kucha. Halafu mwali, mkali na mwembamba, ukitoka ubavuni. Vijana wakamwaga mchanga ndoo mbili, mwali ukafa, wakapigana viganja. Betri ikasukumwa kando ya ukuta wa mabati. Sote tulikuwa tumekwisha kurudi kwenye chai ilipowaka tena, safari hii kwa nguvu kuliko mwanzo, na banda likaenda nayo.

Kilichotokea pale ndicho hutokea kwenye kontena. Ndani ya betri kuna seli nyingi. Seli moja ikiharibika, labda iligongwa, labda ilitoka kiwandani na kasoro, labda maji ya kupozea yamevuja juu yake, hupata joto mpaka kemikali zake zinaanza kuzalisha joto zenyewe. Joto hilo huipika seli ya jirani, nayo inampika jirani yake. Mchanga na povu hufunika mwali, lakini haviingii hadi mle joto linamozaliwa. Maji mengi hupoza, ila yanatakiwa kwa saa nyingi. Ndiyo maana wazimamoto wenye uzoefu wa moto huu mara nyingi hawahangaiki kulizima kontena linaloungua. Huliacha liishe, na maji yao huyamwaga kwenye yaliyo pembeni yasishike.

Kwa hiyo lile swali tunalolizoea, "mtauzima vipi?", halitoshi. Swali lenyewe ni hili: kontena moja likiungua lote, la pili litabaki salama?

Tazama mahali pawili. Karibu na Geelong, Australia, tarehe 30 Julai 2021, kontena moja lilishika moto mradi ukiwa bado katika majaribio. Kulikuwa na makontena 212 pale, yote nje, kila moja na nafasi yake. Yaliungua mawili. Ilichukua siku nne hivi, lakini ni mawili tu. Sasa twende Moss Landing, California, tarehe 16 Januari 2025. Huko betri za NMC zilikuwa zimepangwa ndani ya jengo kubwa la mtambo wa zamani wa umeme. Moto ulipoanza, sehemu kubwa ya betri za jengo hilo ziliteketea, watu kama 1,200 wakaambiwa watoke majumbani, na tarehe 18 Februari, mwezi mzima baadaye, masalia yakawaka tena. Tofauti kubwa ilikuwa ni nafasi na kuta, mambo yanayoamuliwa mtu akiwa bado anachora.

Kuna la tatu la kukumbuka, Arizona, Aprili 2019. Kontena lilitoa moshi kwa saa kadhaa, mwali hauonekani. Wazimamoto walipofungua mlango, hewa ilikutana na gesi iliyojaa ndani, likalipuka, na kadhaa wao wakaumia vibaya. Betri iliyonyamaza haijapoa.

Nisiwatie watu hofu isiyo na kipimo. Taasisi ya utafiti ya EPRI ya Marekani, inayoweka rejesta ya ajali hizi duniani, ilionyesha kwamba kati ya 2018 na 2023 kiwango cha ajali, kikilinganishwa na wingi wa betri zilizowekwa, kilishuka kwa asilimia 97. Watu walijifunza. Tunachodai sisi ni kuletewa kilichofunzwa, siyo mitambo ya mtindo wa 2018 kwa bei ya kutupa.

Hatua ya tatu: shika karatasi mkononi

Mradi wa aina hii hupita NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa tathmini ya athari za mazingira. Kanuni za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike mabango mahali pa watu wengi, atangaze gazetini na redioni, na afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa. Kama kwenu ulifanyika mmoja tu, tena kwa saa moja kabla ya soda, andikeni tarehe na waliohudhuria.

Ombeni ripoti nzima, siyo muhtasari. Ofisi ya umma ikisita, andikeni barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016: ina siku 21 za kujibu, na saa 48 kama habari inahusu uhai wa mtu. Wakikaa kimya, malalamiko huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Katika ripoti tafuteni vitu viwili. Cha kwanza ni matokeo ya jaribio la kuchoma betri za aina ile ile, linaloitwa UL 9540A. Someni ule ukurasa unaosema kama moto ulihama kutoka sehemu moja hadi nyingine. Cha pili ni mpango wa dharura wenye majina ya vijiji vyenu. Mpango usiotaja shule yenu, zahanati yenu na mto wenu umenakiliwa kutoka kwingine.

Hatua ya nne: tembeeni shamba lenyewe

Hapa msitegemee mshauri wa Nairobi. Nendeni watu watano, mmoja awe mwalimu wa kuandika, mmoja mzee anayekumbuka mafuriko, mmoja mama anayeteka maji upande huo. Chukueni kamba ya mita 25.

Kwa nini 25? Wakuu wa zimamoto wa Uingereza, katika mwongozo wao wa betri kubwa, walianza na mita 25 kutoka kontena hadi jengo lenye watu, na mita 6 kati ya kontena na kontena, isipokuwa mwenye mradi athibitishe kwa majaribio kwamba pungufu inatosha. Mita 25 ni za moto na mlipuko. Moshi hausomi kamba. Nyumba zetu nyingi zina nafasi wazi kati ya ukuta na mabati, kwa hiyo kufunga dirisha hakufanyi kazi inayofanya kwa nyumba za Ulaya. Kwa shule, zahanati na nyumba za wazee mimi ningedai mamia ya mita, na nisingeona haya kudai.

Pimeni upepo. Upande wa ziwa tunaujua: alasiri unatoka ziwani kwenda bara, usiku na alfajiri unageuka kurudi ziwani. Nakuru, Njoro na Naivasha mna pepo zenu. Kaeni wiki mbili mkitazama moshi wa jikoni saa kumi na mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa mbili usiku, mwalimu akiandika unakoelekea. Daftari hilo litawafaa kuliko ramani yoyote ya rangi.

Tazameni maji kwa namna tatu. Ya kupoza kwanza: mwongozo ule ule wa Uingereza ulitaka lita 1,900 kwa dakika kwa muda wa saa mbili, yaani lita 228,000. Hayo ni matangi 23 yale meusi ya lita elfu kumi. Gari la zimamoto hufika na lita elfu chache, zinazoisha kabla hujamaliza kusimulia, kwa hiyo hifadhi ya maji lazima ijengwe pale pale na mwenye mradi. Pili ni maji yanayotiririka baada ya kumwagwa, yakiwa yamebeba kemikali. Fuateni mteremko kwa miguu. Yanaishia wapi, mtaro wa mpunga wa Ahero, mto Kibos, Nyando? Dai bwawa la kuyanasa, lenye sakafu isiyopitisha. Tatu ni mafuriko. Katika uwanda wa Kano ingia nyumba ya jirani uangalie ile alama ya matope ukutani. Kontena liinuliwe juu ya alama hiyo, tena kwa kiasi cha kutosha.

Kwetu wa miwa kuna jambo ambalo mwongozo wa kigeni hautalitaja: moto unaweza kutoka nje kuingia ndani. Shamba la miwa kavu likigusana na ua wa betri, kiangazi kimoja kibaya kinatosha. Ukanda mpana usio na mmea, unaofyekwa kila mwezi, uandikwe kwenye leseni, na iandikwe ni nani anaufyeka.

Na barabara. Mwongozo unataka njia mbili za kuingilia kutoka pande tofauti, ili gari lisilazimike kupita ndani ya moshi. Nendeni zote mbili siku ya mvua. Lori likishikwa na ule udongo mweusi, halitoki kwa kusukumwa.

Hatua ya tano: barazani

Chagueni wasemaji watatu, kila mmoja na swali lake, na mwombeni chifu mapema maswali yaingie kwenye kumbukumbu za kikao neno kwa neno. Msiende kugomba. Mhandisi atasema mtambo una kizima-moto chake ndani. Mama mmoja asimame amjibu kwa utulivu: "Ahsante, mhandisi. Na kikishindwa?" Akae. Ukimya utafanya kazi iliyobaki.

Ulizeni ni nani anatazama skrini saa nane usiku, yuko wapi, na kengele ikilia anampigia nani wa hapa kijijini. Ulizeni ni nani analipa moto ukiharibu visima, na fedha hizo zimewekwa wapi. Na ulizeni nani atayaondoa makontena yakizeeka. Ahadi ya ajira kwa vijana ni njema, lakini isijibu swali la moto.

Hatua ya sita: wazimamoto wa kaunti

Katiba ya 2010 imeweka zimamoto mikononi mwa kaunti, kwa hiyo MCA wako, yule mwakilishi wa wadi, anahusika moja kwa moja. Nendeni kituoni mkawasalimie. Ombeni mwenye mradi agharamie mafunzo ya betri kwa askari wale, vifaa vya kupumulia na zoezi la kila mwaka ndani ya eneo lenyewe. Nje ya lango kuwe na kibao kinachosema ni betri za aina gani, swichi ya kukata iko wapi na namba ya zamu. Pimeni kwa saa gari linatumia muda gani kufika kwenu, siyo kwa kilomita.

Hatua ya saba: pimeni udongo na maji kabla ya chochote

Hatua hii husahaulika, nami naiweka juu sana. Baada ya moto wa Moss Landing, watafiti wa Chuo Kikuu cha San José State walikuta nikeli, manganizi na kobalti zimepanda kwenye udongo wa juu wa kinamasi cha maji ya chumvi kilicho jirani. Waliweza kusema zimepanda kwa sababu walikuwa na vipimo vya zamani. Msipokuwa navyo, mtaambiwa madini hayo yalikuwapo tangu enzi. Dai mwenye mradi alipe maabara huru ichukue sampuli za visima, mito na mashamba, na nakala moja ibaki kwa mwalimu mkuu.

Hatua ya nane: mkipuuzwa

Leseni ikitolewa bila nyinyi kusikizwa, mna siku 60 za kukata rufaa kwenye jopo la kitaifa la rufaa za mazingira, NET. Zihesabuni tangu siku ya uamuzi, maana hupita upesi. Juni 2019 jopo hilo lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, na sababu moja kubwa ilikuwa wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Daftari la upepo, kumbukumbu za baraza na barua zenu zisizojibiwa ndio ushahidi.

Hatua ya tisa: mpango wa boma

Mahali pa kukutania pawe pawili, pande tofauti za mradi, kwa sababu upepo unageuka. Andikeni nani anambeba bibi asiyetembea, nani anafungua ng'ombe, nani ana ufunguo wa shule. Tangi la maji ya mvua liwe na bomba la gata linalochomoka kwa mkono, ili moshi ukija uchomoe kabla paa halijaoshwa na mvua. Haya yote huchukua jioni moja.

Hatua ya kumi: siku ya moshi

Piga 999 au 112, useme wazi ni betri kubwa. Usielekee huko. Moshi una kaboni monoksaidi, ile ile inayoua watu kwa jiko la makaa chumbani, na una gesi ya floridi inayochoma macho na mapafu. Tazama moshi unakokwenda, kisha ondoka kwa kuukata ubavuni, usikimbie mbele yake. Ukishindwa kutoka, ingia nyumba iliyozibika kuliko zote, ziba nyufa kwa nguo zilizoloa, zima jiko. Anayekohoa aende zahanati hata kama anajiona mzima, amwambie daktari ni moshi wa betri. Usichume sukuma wala kunywa maji ya paa mpaka vipimo virudi.

Kisha walindeni watu dhidi ya mabaki. Wa Nakuru wanaikumbuka Sachang'wan, Januari 2009, watu zaidi ya 100 walipofia kwenye lori la mafuta lililoanguka, na wa Siaya wanaikumbuka Malanga ya Julai 2021. Watu walikwenda kuchota. Kwenye kontena lililoungua kutakuwa na shaba na alumini, na seli ambazo bado zina chaji ndani. Mzee wa kijiji awapitie wanunuzi wa chuma chakavu jioni ile ile, awaambie hakuna kipande kitakachopimwa kwenye mizani kutoka pale, na vijana walinde njia zote mbili mpaka mwenye mradi ahamishe mabaki, hata kama ni mwezi mzima.